Taya linalia, panja linauma na gego limeng'olewa bila nafuu: nifanye nini nyumbani?

SWALI

Mama Tabibu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 34, ni fundi cherehani hapa Tanga mjini. Nakuandikia kwa sababu nimechoka na sijui tena nimsikilize nani. Tangu msimu wa sare za shule, mwezi wa kwanza, upande wa kulia wa uso wangu unaniuma, na sasa tuko mwezi wa sita. Maumivu yanaanzia mbele ya sikio, yanapanda panjani, siku nyingine yanashuka mpaka shingoni. Nikifungua mdomo kula, taya linalia "ka!" mpaka mtoto aliyekaa karibu yangu anasikia. Asubuhi naamka uso umekaza, na mume wangu anasema usiku anasikia meno yangu yanasagana.

Mwanzoni nilidhani ni sikio. Nikanunua dawa ya matone, nikatia wiki mbili, wapi! Daktari aliyenichungulia akasema sikio ni safi. Nikaenda kliniki moja ya meno, wakasema ni gego la mwisho la chini, likang'olewa. Kidonda kikapona, maumivu yakabaki palepale. Niliporudi wakasema basi litakuwa hili linalofuata, nalo litoke, tena meno yangu hayakutani vizuri, inabidi yasagwe kidogo yalingane. Hapo nikaogopa, nikaaga.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mama mkwe anasema nichanjwe chale shavuni. Jirani kaniletea mafuta ya karafuu. Dada yangu kaninunulia dawa ya minyoo, eti anayesaga meno usiku ana minyoo, nikameza. Mimi mwenyewe nimekuwa mtu wa diklofenaki na panadol karibu kila siku, na sasa tumbo limeanza kuniwaka.

Nikueleze na kazi yangu. Nakaa kwenye cherehani tangu saa mbili asubuhi mpaka magharibi, na msimu wa sare hata saa sita usiku inanikuta hapo. Pini nazibana mdomoni, uzi naukata kwa meno. Bigijii hainitoki mdomoni kwa sababu inanikatia usingizi. Jioni napenda muhogo wa kuchoma. Na sitakuficha, mama: nina mkopo, hii ya kausha damu, kila Ijumaa ni marejesho.

Naomba uniambie: hili ni jino au ni nini? Huo mlio maana yake mfupa unavunjika? Kipi nifanye hapa nyumbani, maana pesa ya kuzunguka hospitali sina? Na je, nikubali kung'oa gego la pili?

Fundi Cherehani, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Maumivu ya mahali hapo yanamnyima mtu kula, kucheka na kulala, na wewe umeyabeba miezi mitano huku unalisha familia.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lisilosubiri. Usikubali gego la pili ling'olewe, wala meno yako yasagwe, mpaka mtu akuoneshe wewe mwenyewe jino hilo lina ubaya gani: tundu, usaha kwenye mzizi unaoonekana kwenye eksirei, au jino linalocheza. Jino likishatoka halirudi, na meno yakishasagwa hayaoti tena. Maumivu uliyonieleza hayana sura ya jino. Jino bovu kwa kawaida linauma mahali unapoweza kupanyooshea kidole, linashtuka kwa maji baridi, chai ya moto au sukari, na likishaingia usaha linapwita usiku kucha. Yako yanatembea kutoka mbele ya sikio hadi panjani na shingoni, yanakuja na kukaza kwa asubuhi, yana mlio, na yamebaki baada ya jino kuondoka. Hiyo ni sura ya kiungo cha taya na misuli inayokiendesha. Barua haiwezi kuchukua nafasi ya kupimwa, lakini kwa dalili hizi mimi ningekutibu kama mgonjwa wa taya kwanza, na meno yangesubiri.

La pili lisilosubiri ni tumbo lako. Acha diklofenaki leo. Ukiona choo cheusi cha kunata au ukitapika kitu chenye rangi ya kahawa, nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje kupambazuke. Habari ya dawa nitairudia.

Sasa weka ncha za vidole mbele ya masikio yote mawili, kwenye kile kinyama kidogo kinachokinga tundu la sikio, ufungue na kufunga mdomo polepole. Utasikia mfupa unatembea chini ya vidole. Hapo ndipo kwenye ugomvi wote. Kichwa cha mfupa wa taya la chini kimekaa kwenye kishimo cha fuvu, na katikati yao kuna kisahani cha gegedu kinacholainisha mwendo. Ukianza kufungua mdomo, kichwa hicho kinazunguka palepale. Ukiendelea kupanua, kinateleza kwenda mbele pamoja na kisahani chake. Kisahani kikiwa kimesogea mbele kuliko kawaida, mfupa unakirukia ukiwa njiani, na ndiyo hiyo "ka!" unayoisikia. Hakuna kinachovunjika. Wako watu wengi mno ambao taya linalia miaka na miaka bila maumivu yoyote, na hao hawahitaji dawa wala upasuaji. Ila usilijaribujaribu kuona kama bado linalia, na usiwaoneshe watoto. Jambo la kuliangalia ni moja: mlio ukikoma ghafla na siku hiyo mdomo ukawa haufunguki kama jana, kisahani kimekwama mbele ya mfupa, na hapo nenda ukaonekane ndani ya siku chache.

Wala usijilaumu kwa yale matone ya sikio. Mshipa wa fahamu unaohudumia kiungo cha taya ndio huohuo unaotuma matawi kwenye sikio na panja, kwa hiyo ubongo unashindwa kutofautisha. Wataalamu wenyewe walihangaika na jambo hili. Mwaka 1934 daktari mmoja wa masikio wa Marekani, James Costen, aliandika juu ya wagonjwa wake waliokuwa na maumivu ya sikio na kichwa yaliyotokana na taya, na akadhani chanzo ni meno yaliyopungua na jinsi meno yanavyokutana. Kwa miaka mingi watu walisagwa na kurekebishwa meno kwa dhana hiyo. Leo tunajua kwamba namna meno yanavyokutana mara nyingi si chanzo, na ndiyo maana ule ushauri wa "yasagwe kidogo yalingane" umenishtua.

Tuje kwenye matibabu, na hapa naomba unisome kwa makini, kwa sababu jambo lenye nguvu kuliko yote halinunuliwi dukani. Meno ya juu na ya chini yanatakiwa kukutana wakati wa kutafuna na kumeza tu. Muda mwingine wote midomo ifungwe, meno yaachane kidogo, na ulimi ulale kwenye kaakaa, nyuma tu ya meno ya mbele. Hebu jiangalie sasa hivi unaposoma. Yamegusana? Kwa wagonjwa wengi wa taya yamegusana, na wao hawajui. Labda unasema, mbona siyakazi? Shika ndoo tupu kwa mkono ulionyooka. Mwanzoni huoni uzito wowote, lakini ukikaa nayo robo saa bega linawaka. Misuli ya taya inachoshwa hivyohivyo na meno yanayogusana saa nzima, saa mbili, siku nzima, hata kama yamegusana kwa wepesi. Na fundi anayefuata mstari wa sindano anayabana bila kujua, kama alivyobana pumzi.

Kwa hiyo fanya hivi. Funga kipande cha kitambaa chekundu kwenye kichwa cha cherehani yako. Kila jicho linapokiona, jiulize: meno yako wapi? Ukiyakuta yamegusana, tamka "nnn" kimyakimya. Ulimi utapanda wenyewe kwenye kaakaa na meno yataachana. Shusha mabega, pumua kwa pua, endelea kushona. Bandika kitambaa kingine jikoni, na kingine kwenye simu, maana wengi wanabana meno wanaposoma ujumbe wa mtu anayewadai. Siku za kwanza utajikuta umeyabana mara nyingi mpaka uvunjike moyo. Usivunjike. Kila unapoyagundua na kuyaachia, misuli imepata mapumziko ambayo jana haikuyapata.

Pini mdomoni basi. Ukibana pini kwa midomo, taya halina budi kukaa limekaza ili zisidondoke, mbali na hatari ya kuimeza moja. Shona kijimto kidogo cha pamba, kifunge kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, pini uzichomeke hapo. Uzi ukatwe kwa mkasi mdogo. Ufunge kwa kamba kwenye meza usipotee chini ya vitambaa. Kukata uzi kunakulazimisha kusukuma taya mbele na kung'ata kwa ncha za meno, mkao ambao kiungo kinauchukia, na zaidi ya hapo meno ya mbele ya mafundi wengi yana pengo dogo lililochimbwa na uzi. Angalia pia unavyokaa. Ukiinama sana, kidevu kikatangulia mbele, misuli ya shingo na ya taya inakaza pamoja. Inua kazi iwe karibu na macho, au punguza urefu wa kiti, na kila unapomaliza nguo moja simama uzungushe mabega. Simu usiibane kati ya bega na sikio.

Bigijii iache kabisa. Najua inakusaidia usiku, lakini hakuna kitu kinachochosha taya bure kama hicho. Wasomaji wangu wa Mombasa na kwingineko wanaotafuna miraa jioni nzima upande mmoja wa shavu, nao wajue kwamba taya lao linafanya kazi hiyohiyo kwa saa nyingi zaidi.

Chakula kiwe laini kwa wiki tatu hivi. Sisemi unywe uji tu, la hasha, utadhoofika bure. Pwani yetu ina vyakula laini vingi: bokoboko, samaki wa kupaka, kunde na maharage yaliyoiva sana, muhogo wa nazi uliochemshwa ukalainika, viazi vitamu, mayai, mkate wa kumimina, wali wa maji, ndizi za kuiva. Nyama iwe ya kusaga au ipikwe mpaka ijiachie. Vinavyopumzishwa ni muhogo wa kuchoma na mbichi, mahindi ya kuchoma, miwa, kashata, pweza, mishikaki migumu na mkate uliokauka. Embe usiling'ate kwenye kokwa, likate vipande. Kata kila kitu kidogo ili usipanue mdomo, na tafuna pande zote mbili taratibu, kwani tangu jino litoke nadhani umehamia upande mmoja.

Kukanda kwa joto ndicho kitu kitakachokupa nafuu ya haraka. Chovya taulo dogo kwenye maji ya moto, likamue, lijaribu kwanza ndani ya kifundo cha mkono lisije likaunguza, kisha liweke shavuni na panjani kwa dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku. Usiku kabla ya kulala usiruke. Baada ya joto, kaza meno mara moja uone ni msuli gani unaovimba shavuni karibu na pembe ya taya. Achia, kisha kwa vidole viwili uusugue kwa mzunguko mdogo, mgandamizo wa kiasi, dakika moja au mbili. Fanya vivyo hivyo panjani. Maumivu ya kuvumilika ni sawa, ya kukufanya ukunje uso yamezidi. Ikitokea siku kiungo chenyewe kimechachamaa ghafla, tumia barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 badala ya joto. Na yeyote mwenye shavu lililovimba kwa jino lenye usaha asikande kwa moto. Huyo aende akatibiwe.

Misuli ikishapata joto, fanya zoezi hili mbele ya kioo. Ncha ya ulimi iguse kaakaa nyuma ya meno ya mbele. Ukiwa umeushikilia hapo, fungua mdomo polepole mpaka karibu na pale ulimi unapotaka kuachia, kisha funga. Angalia kidevu kishuke wima bila kwenda pembeni. Mara 6 zinatosha kwa kipindi kimoja, na virudie vipindi hivyo mara kadhaa kwa siku, hasa asubuhi. Likikuuma vibaya, punguza upana. Usilazimishe taya lifunguke kwa mikono, wala usimruhusu mtu akulivute.

Kupiga miayo pia kunawatonesha wengi. Ukihisi mwayo unakuja, pandisha ulimi kwenye kaakaa au weka ngumi chini ya kidevu, mdomo usipanuke wote. Kulala, chali ni bora. Kama huwezi, lala ubavu, mto ujaze nafasi ya shingo, na mkono usiwe chini ya taya. Kulala kifudifudi acha, kwa sababu uso mzima unasukumwa pembeni mpaka asubuhi.

Kuhusu kusaga meno usiku: kwa mtu mzima hakuletwi na minyoo. Dawa uliyomeza haikukudhuru, lakini usiirudie kwa sababu hii. Kusaga kunahusiana na jinsi usingizi unavyokwenda, msongo wa mawazo, kahawa nyingi jioni, pombe, sigara, na baadhi ya dawa, zikiwemo zile za sonona. Mtu anayekoroma sana na kushtuka usingizini amekabwa pumzi naye anaweza kuwa anasaga, na huyo anahitaji kupimwa. Ndiyo maana siwezi kuuacha mkopo wako pembeni kana kwamba si habari ya taya. Marejesho ya Ijumaa yanaanza kusagwa Alhamisi usiku. Kama mumeo hajui kiasi chote unachodaiwa, mwambie. Mzigo wa siri unabanwa kwa meno. Kisha nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wewe na mafundi wenzako mnaweza kuwa kikundi. Haitatatua wiki hii, lakini ni njia ya kutoka. Kwa usiku wa leo, nusu saa kabla ya kulala weka simu na daftari la madeni mbali, kanda uso, na pumua polepole huku ukihesabu mpaka taya lishuke.

Dawa sasa. Kwa kuwa tumbo lako linawaka, diklofenaki, ibuprofeni na aspirini si zako mpaka upimwe. Zote tatu ni za kundi moja na zinachubua tumbo kwa njia ileile, kwa hiyo hata mwenye tumbo zima asizichanganye. Maumivu yakizidi, panadol vidonge viwili vya miligramu 500, na visizidi 8 kwa saa 24. Usimeze kila siku. Anayemeza panadol siku 15 au zaidi kila mwezi anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa yenyewe, na nina wasiwasi sehemu ya maumivu ya panja lako ni hayo. Ipo pia jeli ya diklofenaki ya kupaka mbele ya sikio, ambayo inaingia mwilini kidogo kuliko kidonge. Muulize mfamasia kwanza na umweleze habari ya tumbo. Msomaji mwingine asiye na tatizo la tumbo anaweza kutumia ibuprofeni siku chache, baada ya chakula, ili mradi si mjamzito, hana ugonjwa wa figo, wa moyo au presha, wala pumu inayochochewa na dawa hizo.

Mafuta ya karafuu ni dawa nzuri ya jino lenye tundu, na madaktari wa meno wanaitumia mpaka leo. Kwenye kiungo cha taya hayafiki, na ukiyaweka mengi fizi zitaungua. Chale usikubali. Shavuni mnapita mishipa ya fahamu inayoendesha uso na mrija wa mate, na wembe unaweza kuacha mdomo uliopinda au kuingiza pepopunda. Mama mkwe wako anakuhurumia, usimjibu kwa ukali. Mwambie tabibu amesema taya likandwe kwa maji ya moto kila jioni, na umwombe yeye ndiye akukande. Mikono yake ina ujuzi ambao wewe huna.

Umeniambia pesa ya kuzunguka hospitali huna, na habari njema ni kwamba hayo ya nyumbani hayadharauliwi hata na mabingwa. Mwaka 2023 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha mwongozo wa kimataifa kuhusu maumivu sugu ya taya. Waliyoyaweka mbele ni haya: mgonjwa kueleweshwa na kutulizwa hofu, mazoezi ya taya na ya mkao, kunyooshwa na kukandwa misuli na mtaalamu wa viungo, na ushauri wa kisaikolojia. Upasuaji wa kuondoa kisahani, na vifaa vinavyobadilisha mpangilio wa meno milele, walivikataa kwa nguvu. Hata vile vifaa vya kawaida vya plastiki vya kuvaa usiku, walishauri visitegemewe kutibu maumivu. Bado vina kazi ya kulinda meno yasilike, kwa hiyo tabibu akiona meno yako yamelika sana anaweza kukutengenezea kimoja kwa kipimo chako. Ila usikikopee pesa.

Nakupa wiki sita. Maumivu ya aina hii kwa watu wengi yanapungua kwa wiki hadi miezi bila kukatwa wala kuchomwa popote, ingawa yana tabia ya kurudi msimu wa kazi nyingi. Ukiona hakuna nafuu kabisa, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bombo, uulizie kinywa na meno. Usiseme "jino linauma". Sema maumivu yako mbele ya sikio, taya linalia, na gego limeng'olewa bila nafuu. Waombe wapime kiungo cha taya, na waulize kama unaweza kupelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Huyo ndiye ambaye wagonjwa wa taya hawamfikirii kamwe.

Yapo maumivu ya taya ambayo hayangoji wiki sita, na hili ni kwa wote mnaosoma. Taya linalokaza zaidi kila saa pamoja na shingo kuwa ngumu, hasa baada ya kidonda, ni la kukimbilia hospitali kwa hofu ya pepopunda. Mafundi mnaochomwa sindano kila siku, hakikisheni chanjo zenu zimekamilika. Maumivu ya taya yanayokuja na kubanwa kifua, jasho na kukosa pumzi yanaweza kuwa moyo. Uvimbe wa shavu wenye homa na shida ya kumeza ni usaha unaotafuta njia. Taya lililoachama likakataa kufunga limeteguka, lirudishwe na mtaalamu. Taya linalojipinda lenyewe baada ya kumeza dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoklopramidi ni madhara ya dawa, na hospitalini yanatulizwa haraka. Aliyevuka miaka 50 akapata maumivu mapya ya panja, taya linalochoka akitafuna na macho kuona ukungu, asilale nayo. Na mtoto mwenye uvimbe wa taya, hata kama haumuumi, apelekwe mara moja. Katika ukanda wetu wa Afrika ipo saratani ya watoto inayoanzia hapo, na inatibika vizuri ikiwahiwa.

Kabla hujaanza, panga vidole vitatu vya mkono wako wima, uviingize kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Andika kwenye daftari la vipimo vya wateja: asubuhi vimeingia vingapi, jioni vingapi. Rudia kila Jumapili, usifanye kila siku ukalichosha taya. Kisha niandikie tena wiki sita zikiisha, unitajie namba hizo na unieleze tumbo linaendeleaje.

Mama Tabibu